Kabla hamjamzika "asiyejulikana", wekeni sampuli

Kuna tangazo ambalo hutokea gazetini kila baada ya miezi kadhaa, na wengi wetu hulipita tukikimbilia kurasa za spoti. Ni orodha ya miili iliyolala katika mochari ya hospitali ya umma bila mwenyewe. Baadhi ina majina. Mingine imeandikwa tu "asiyejulikana, mwanamume, mtu mzima". Chini ya orodha jamaa hupewa siku chache, mara nyingi saba, waje watambue na kuchukua mtu wao. Siku zikiisha, idhini hutafutwa kortini na miili hupelekwa kuzikwa pamoja. Kama ni Nairobi, basi ni Lang'ata.

Sasa nikuulize. Huyo "asiyejulikana" akienda chini, kuna kitu chake chochote kinachobaki juu? Jino moja kwenye bahasha yenye nambari? Tone la damu lililokauka kwenye karatasi? Maana kitu hicho kikikosekana, siku mamake atakapofika mochari baada ya miezi minane ya kuzunguka vituo vya polisi, hakuna atakachoonyeshwa. Ataambiwa pole, orodha ya mwaka jana tushaifunga.

Nauliza kwa sababu kuna mahali walikibakisha, na baadaye kikawapa jibu.

Aprili 1981, kando ya barabara ya mashambani katika jimbo la Ohio, Marekani, ulipatikana mwili wa msichana aliyeuawa. Hakuwa na viatu wala kitambulisho. Alikuwa amevalia koti la ngozi lenye vishada, na kwa kukosa jina, watu wakamwita kwa koti lake: Buckskin Girl. Polisi walichukua alama za vidole, wakakagua meno, wakachora uso wake na kuusambaza. Hakuna aliyejitokeza kusema huyu ni wetu. Miaka 10 ikapita, ikawa 20, ikawa 30.

Lakini kuna msee fulani aliyehifadhi damu yake. Hebu fikiria hilo kidogo. Mwaka wa 1981 hakuna askari popote duniani aliyekuwa ametumia DNA kutatua kesi; hiyo ilianza Uingereza miaka mitano baadaye. Aliyeiweka ile damu hakujua itakuja kusomwa vipi. Aliiweka tu kwa kuwa kazi yake ilimtaka aiweke.

Mwaka wa 2017, wanawake wawili, Colleen Fitzpatrick na Margaret Press, walianzisha kundi la kujitolea liitwalo DNA Doe Project. Kazi yao ni moja: kuwarudishia majina maiti wasiojulikana. Damu ile ya Ohio, ingawa ilikuwa imechakaa, ilisomwa, matokeo yakapakiwa kwenye tovuti ya GEDmatch ambako watu hutafuta jamaa zao waliopotezana nao, na jamaa wa karibu akapatikana. Saa nne baadaye walikuwa na jina. Alikuwa na miaka 21 alipouawa. Mamake bado alikuwa hai, na taarifa za wakati huo zilisema hakuwahi kuhama wala kubadilisha nambari ya simu, asije bintiye akapiga akamkosa.

Miaka 37, bana. Na simu ile ile.

Wengi wetu tukisikia DNA tunafikiria zile kesi za "baba ni nani" zinazovunja ndoa mitandaoni. Hii ni kitu kingine. Kipimo cha kawaida cha polisi hulinganisha sehemu 20 hivi za DNA. Zinatosha kukwambia kama damu hii ni ya mtu huyu, au kama huyu amezaliwa na yule. Ukitaka kujua kama watu wawili ni binamu, kipimo hicho kinaanza kubahatisha. Kipimo cha nasaba husoma mamia ya maelfu ya sehemu, kisha hupima vipande ambavyo watu wawili wamerithi kutoka kwa mzee mmoja wa zamani. Wewe na mtoto wa shangazi yako mnachangia kama asilimia 12.5. Mkiwa mmekutana kwa babu ya babu, mnachangia chini ya asilimia moja, na bado kipimo kinaweza kuiona.

Ukishapata binamu wa mbali wawili au watatu, unapanda hadi kwa mzee wanayemchangia, halafu unashuka tena matawi yote. Nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, nani alihama na hakurudi. Unaendelea kushuka mpaka ufike kwa mtu ambaye hana cheti cha kifo na hakuna aliyemwona tangu mwaka fulani. Hapo polisi huenda kwa ndugu yake wa karibu na kuchukua sampuli ya kuthibitisha. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi hata si ya maabara. Ni ya kuuliza "wewe ni wa nani?", swali ambalo wazee wa ushago hukuuliza kabla hata hujaketi.

Shida ni kwamba njia hii inategemea binamu waliojitokeza. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka wa 2018 uliangalia hifadhi ya watu milioni 1.28 na kukadiria kwamba Mmarekani mwenye asili ya Ulaya ana nafasi ya asilimia 60 hivi kumpata humo mtu mnayekutana naye kwa babu ya babu, au wa karibu zaidi. Mtu mweusi wa huko huko Marekani hana bahati hiyo, kwa kuwa waliolipia vipimo hivyo na kutema mate kwenye vichupa wengi wao ni wazungu. Na Mkenya je? Ukipakia leo DNA ya mtu aliyeopolewa Mto Yala, utakaa sana ukimsubiri binamu. Sitakudanganya ati teknolojia hii itatua JKIA kesho na kuanza kutoa majina.

Lakini angalia kilichotokea hapa kwetu, uone mahali inapotuhusu.

Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, ET302, ilianguka dakika chache baada ya kupaa Addis Ababa ikija Nairobi. Walikuwemo watu 157, kati yao Wakenya 32. Kufikia Septemba mwaka huo, wote 157 walikuwa wametambuliwa, licha ya hali ya eneo lile. Kulikuwa na orodha ya abiria, familia zilijulikana, na wataalamu walikuja kutoka pembe nyingi za dunia.

Shakahola hakukuwa na orodha. Makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023, na idadi ya miili ikapita 400. Jamaa walitoka kila kona ya nchi wakaenda Malindi kutoa sampuli. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, na wakati huo waliokuwa wametambuliwa kwa DNA walikuwa 34. Tulilaumu ukosefu wa kemikali na uchache wa mashine, na lawama hizo zilikuwa za haki. Ila kuna jambo ambalo halikusemwa vya kutosha. Kule msituni kuna familia zilizoingia nzima: baba, mama na watoto. Yule ambaye angekuja kutoa mate ili mtoto atambuliwe, naye yuko kaburini. Aliyebaki ni shangazi. Ni mtoto wa mjomba. Ni nyanya mmoja, kule nyumbani, ambaye hakuelezwa mtoto wake alienda wapi. Kipimo cha kawaida kinamhitaji mzazi au mtoto, na wanapokosekana kinayumba. Hiki cha nasaba kingeweza kumtumia hata yule mtoto wa mjomba. Hatuhitaji hifadhi ya mamilioni ya watu kwa kazi hiyo. Tunahitaji jamaa 10 au 20 wa ukoo husika, na mashine inayojua kuwasoma.

Polisi wetu huanza na vidole, na mara nyingi inatosha. Ukifika miaka 18 ukachukua kitambulisho, alama zako zinaingia kwenye rekodi za serikali, na marehemu aliyepatikana mapema anaweza kupata jina kwa njia hiyo. Ila mwili uliokaa majini muda mrefu hauna kidole cha kusomeka. Mwaka wa 2022, miili iliyoopolewa Mto Yala, mingine ikiwa imefungwa kwenye magunia, ilijaza mochari ya Yala na mingi ilikosa wenyewe. Na mtoto wa miaka 12 hajawahi kuchukuliwa alama zozote. Yeye kwa serikali hana kidole.

Kuna kitu kingine kinachonipa matumaini, na hutaamini nimekitoa wapi. Rudi kwenye gazeti, ukurasa wa matangazo ya vifo. Hakuna mahali duniani ninapopajua ambapo mtu akifa huandikwa hivi: mtoto wa marehemu fulani, mume wa fulani na fulani, baba wa hawa saba, ndugu wa hawa tisa (wawili wako Marekani, mmoja Qatar), babu ya hawa 23, shemeji wa huyu, mkazamwana ni yule, kijiji hiki, lokesheni hii. Wataalamu wa nasaba wa ng'ambo hutumia wiki nzima wakichambua rekodi kupata habari ambazo sisi tunazichapisha kwa kulipia. Ongeza kile kitabu cha wasifu kinachogawiwa mazishini, chenye picha za rangi, ambacho ukifika nyumbani unakitupa juu ya kabati. Usikitupe. Ongeza pia namna baadhi ya jamii zetu hupokezana majina kutoka kwa babu hadi mjukuu, ingawa hapo mtafiti atachanganyikiwa kidogo, maana Kamau atakutana na Kamau mpaka achoke. Kwa habari za ukoo sisi si maskini hata kidogo. Tunachokosa ni sampuli.

Najua unachofikiria saa hii. "Serikali gani hiyo nitakayoipa DNA yangu?"

Ni swali la haki, tena ni la mtu aliye macho. Mwaka wa 2018 sheria ya usajili ilibadilishwa kimyamyama ili DNA iwe kati ya vitu ambavyo serikali ingeweza kuchukua kutoka kwa kila mmoja wetu. Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, Mahakama Kuu ilikataa: kuchukua DNA ya watu na alama za mahali wanapoishi ni kuingilia faragha yao bila sababu ya kutosha. Naunga mkono uamuzi huo mpaka leo. Na huko Marekani kwenyewe mambo hayakuwa shwari. Aprili 2018 polisi wa California walimkamata mshukiwa wa mauaji mengi ya zamani wakitumia GEDmatch hiyo hiyo, ilhali waliopakia DNA zao humo walikuwa wakitafuta binamu, si kusaidia polisi. Kelele zikapigwa, na mwaka uliofuata tovuti ikabadilisha sheria zake ili kila mtu achague mwenyewe kama polisi waone au wasione. Kampuni ya 23andMe nayo ilidukuliwa 2023, habari za wateja milioni 6.9 hivi zikavuja, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. PIN ya M-Pesa ikiibwa unaibadilisha. DNA utaibadilisha na nini? Isitoshe si yako peke yako. Ukiitoa, umetoa pia sehemu ya ndugu yako ambaye hukumuuliza.

Kwa hivyo sisemi kila Mkenya apange foleni atoe mate, wala sisemi utume kichupa chako kwa kampuni ya ng'ambo. Nasema iwepo hifadhi ndogo yenye makundi mawili tu: maiti wasiojulikana, na watu waliojitolea kwa hiari kwa sababu wanamtafuta mtu wao. Isitumike kwa kesi ya wizi wala ya uzazi. Mtu wako akipatikana, sampuli yako iharibiwe ukitaka.

Na isikae kwa polisi. Hapa sizunguki. Julai 2024, miili iliyokatwakatwa ilipotolewa kwenye shimo la taka kule Kware, IPOA yenyewe ilisema inachunguza kama polisi walihusika, kwa kuwa kituo cha polisi kiko hatua chache tu kutoka hapo. Mama anayemtafuta kijana wake aliyebebwa na watu wasiojulikana hawezi kuambiwa apeleke damu yake mahali anapohofia kijana alipitia. Wa kuikalia hifadhi hiyo tayari ameshatajwa kwenye sheria. Bunge lilipitisha sheria ya huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo mwaka wa 2017, ofisi huru ya kushughulikia vifo vyenye utata. Ilitiwa saini, na kwa miaka na mikaka ikabaki kwenye karatasi. Hakuna haja ya kubuni ofisi mpya. Fungueni ile mliyoiahidi.

Wakati tukisubiri, kuna jambo moja ambalo halihitaji ofisi wala mashine ya mamilioni. Asizikwe yeyote asiyejulikana kabla sampuli yake haijachukuliwa na kuwekwa, pamoja na picha, maelezo ya nguo na makovu, na nambari ya mahali alipozikwa. Damu iliyokaushwa kwenye karatasi maalumu hukaa miaka mingi bila friji, bora isipate unyevu. Utasikia ati hospitali zetu hazina hata glavu, utaanzaje kuongea habari za DNA. Sijasema isomwe leo. Nimesema iwekwe. Yule wa Ohio hakuwa na mashine ya kuisoma pia.

Pengine unaona ni mambo ya wafu, na sisi walio hai tuna shida zetu za kodi na kazi. Basi uliza mjane. Mume akitoweka bila mwili kupatikana, sheria ya Kenya hungoja miaka saba kabla ya kumchukulia kuwa amekufa. Miaka saba hiyo hakuna cheti cha kifo, na bila cheti shamba haliandikishwi upya, pesa za benki hazitoki, za NSSF hazitoki. Watoto wanakua wakiulizwa shuleni baba yuko wapi. Nyumbani wazee wanashindwa kulala. Waluo huzika tunda la yago pale mwili unapokosekana, na kuna jamii nyingine huzika mgomba, kwa sababu lazima kitu kiingie ardhini ndipo boma litulie. Nimefikiria sana kuhusu familia iliyozika tunda huku mtu wao yuko Lang'ata, chini ya kijiti chenye nambari.

Kuna hofu moja imebaki, nayo si ya serikali. DNA husema mambo ambayo hukuuliza. Wakenya tunajua familia ya pili hujitokeza siku ya mazishi, mbele ya jeneza, na watoto wa huko wanafanana na marehemu kuliko wa huku. Kipimo cha nasaba hakingoji mazishi. Unaweza kwenda kumtafuta kakako ukarudi umejua kwamba mzee si babako. Ndiyo maana sheria iseme wazi kwamba maabara itakujibu swali ulilouliza na kunyamaza, na kwamba anayetoa sampuli aelezwe haya kabla, kwa lugha anayoielewa, si kwa fomu ya kurasa sita za Kiingereza.

Sasa, kama kuna mtu wenu hajulikani aliko, usingoje tangazo la gazeti. Piga ripoti kituoni na usitoke bila nambari ya OB. Andika leo, kabla hujasahau, alikuwa amevaa nini, ana kovu wapi, jino gani halipo. Zungukeni mochari za kaunti jirani pia, si ya kwenu tu, maana mto haujui mpaka wa kaunti. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta waliopotea, wafikieni. Waulize DCI kama watachukua sampuli ya mzazi angali hai, kwa sababu nyanya akishaenda, ameenda na jibu. Na ukiwa pale mochari, muulize msimamizi kwa sauti ya kusikika: wale mliowazika mwezi uliopita bila majina, sampuli zao ziko wapi?